Wawekezaji wanasema sauti yetu inakatika: tununue kamera, au tatizo liko kwingine?

"Sisi ni watatu, tuna kampuni changa ya kusindika mwani hapa Unguja. Mwezi uliopita tulizungumza na wawekezaji wa London kwa video, saa moja usiku kwa saa zetu. Kwenye dakika ya kumi hivi picha ikaanza kuganda, wakasema sauti yetu inatoka kama ya roboti, mara wakasema wanasikia sauti zao wenyewe zikirudi. Video ya mashine yetu ya kukaushia ikawa inarukaruka kama picha za mnato. Mwisho umeme ukakatika, na mazungumzo yakaishia hapo. Intaneti yetu ni ya 4G na nikipima kasi napata 25 Mbps. Wamekubali kutusikiliza tena baada ya wiki tatu, na kundi jingine la San Francisco limeomba nalo. Nimetenga shilingi laki sita. Rafiki yangu ananishauri ninunue kamera ya 4K na ile taa ya duara. Ni ushauri mzuri?"

Pole ndugu yangu. Kamera iache dukani. Umetaja matatizo manne: sauti kukatika, mwangwi, video kurukaruka na umeme, na hakuna hata moja linalotibiwa na kamera. Isitoshe, ukianza kuonyesha slaidi sura yako inasukumwa pembeni kwenye kidirisha kidogo, na programu za mikutano kwa kawaida hazipeleki picha yenye mistari zaidi ya 1,080, yaani 1080p, hata ukiwa na kamera ya 4K. Mara nyingi ni 720p, kiwango ambacho kamera ya kompyuta mpakato ya miaka ya karibuni inakifikia. Mwekezaji atavumilia sura yenye ukungu kwa nusu saa. Akikosa neno moja katika kila sentensi, hata mkiwa kwenye mahesabu yenu ya faida, dakika tano hazifiki atakuwa anasoma barua pepe zake.

Tuanze na hiyo 25 Mbps, maana ndiyo inayopoteza watu wengi. Namba kubwa unayoonyeshwa kwenye kipimo cha kasi ni ya kushusha. Wewe unayewasilisha unategemea zaidi kupandisha, na kwenye 4G kupandisha huwa ni sehemu ndogo tu ya kushusha. Hata hivyo mahitaji si makubwa. Zoom katika mazungumzo ya watu wawili kwa 720p inahitaji kama 1.2 Mbps kila upande. Mkiwa kundi, kama 2.6 Mbps kupandisha. Sauti peke yake haifiki 0.1 Mbps. Kwa hiyo kununua bando la kasi zaidi si lazima kukusaidie. Kinachovunja sauti ni mtandao usiotulia, na kasi haikwambii kama umetulia.

Sauti yako hukatwa vipande vidogo sana, kila kimoja cha kama milisekunde 20, na kila kipande husafiri peke yake. Programu ya upande wa pili inavisubiri kwa muda mfupi tu. Kipande kikichelewa kinatupwa, na pengo linazibwa kwa kubahatisha. Kubahatisha huko ndiko wawekezaji wanakokusikia kama sauti ya roboti. Sasa fikiria foleni ya kupanda boti pale bandarini. Kipande cha sauti ni kijana mwenye bahasha mkononi, anahitaji sekunde moja tu kupita. Lakini mbele yake limesimama rikwama la magunia, yaani picha za simu ya mwenzako zinazojihifadhi Google Photos, au OneDrive inayopandisha mafaili ya ofisi. Lango ni lile lile moja. Kijana atapita, ila boti itakuwa imeshaondoka.

Kukwama kwenu kwenye dakika ya kumi kunanifanya nishuku rikwama la namna hiyo, au mnara uliozidiwa. Usikisie, pima kwa ping, amri inayotuma vipande vidogo hadi kompyuta ya mbali (hapa ya Google, 8.8.8.8) na kupima muda wa kwenda na kurudi. Kwenye Windows fungua dirisha la cmd, andika `ping -n 100 8.8.8.8`, kisha ngoja kama dakika moja na nusu. Kwenye Mac ni `ping -c 100 8.8.8.8` ndani ya Terminal. Mwishoni utaona idadi ya vipande vilivyopotea, na muda mdogo kabisa, mkubwa kabisa na wa wastani. Vilivyopotea visizidi viwili katika mia, wastani usizidi milisekunde 150, na zile namba za mstari kwa mstari zisipishane sana. Zikicheza 60, 70, 65, uko salama, zikicheza 60, 340, 90, 510, hapo pana kazi. Kisha rudia kipimo hicho hicho huku mwenzako akipandisha faili kubwa Google Drive. Wastani ukiruka kutoka 60 hadi 800, umempata mchawi wako: ni foleni ya ndani ya nyumba, na dawa yake ni bure. Siku ya mazungumzo toa simu zote kwenye Wi-Fi, simamisha OneDrive, Dropbox na Google Drive, na kwenye Windows weka mtandao huo kuwa "metered", yaani wa data ya kuhesabiwa, ili masasisho yasijishushe katikati ya mazungumzo.

Vipande vikipotea hata wakati hakuna anayetumia kitu, tatizo liko hewani kati ya ruta na mnara. Fungua ukurasa wa ruta yako (anwani yake iko kwenye kibandiko chini ya ruta, nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1) utafute namba mbili, RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele). RSRP ya -80 hadi -90 ni nzuri. Ikifika -110 unaning'inia. SINR ikiwa juu ya 13 ni safi. Ikikaribia sifuri, mnara unausikia lakini kelele ni nyingi. Hamisha ruta kidogo kidogo, dirishani, ghorofani, upande wa pili wa nyumba, ukisoma SINR kila unapoiweka. Majumba ya mawe ya Mji Mkongwe yana kuta nene zinazomeza mawimbi, kiasi kwamba hatua mbili kuelekea dirishani zinaweza kubadilisha kila kitu. Ukishapata mahali, unganisha kompyuta na ruta kwa kebo ya mtandao, ile yenye pini ya RJ45. Kebo ya mita tano ya Cat5e ni bei ya chini kabisa katika orodha yako na faida yake ni kubwa kuliko vyote, kwa sababu inaiondoa Wi-Fi, na Wi-Fi ya 2.4 GHz unagombania na majirani wote.

Pima saa ile ile ya mazungumzo. Hili watu hulisahau. Saa tatu asubuhi ya San Francisco ni saa mbili usiku kwetu wakati wa baridi ya kwao, na saa moja usiku wakati wa kiangazi, yaani saa ambayo mtaa mzima umerudi nyumbani unaangalia video. Mnara unaokupa 25 Mbps asubuhi unaweza kukupa robo yake muda huo. Kwa London una uhuru zaidi: omba saa tisa alasiri yetu, ambayo kwao ni saa sita mchana majira ya baridi na saa saba majira ya kiangazi. Sisi hatubadilishi saa. Wao hubadilisha, Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Marekani Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Mwezi Machi kuna wiki mbili tatu ambazo Marekani imesogea na London bado, na kati ya Oktoba na Novemba kuna wiki moja ya kinyume chake. Tuma mwaliko wa kalenda ili kila mtu aone saa ya kwao, na nyinyi wenyewe mkiandikiana andikeni 15:00, msiandike "saa 9", maana mmoja wenu akiiingiza kwenye simu kama ilivyo mtakuwa mmekosana kwa saa sita.

Tukija kwenye mwangwi. Kanuni yake inashangaza watu: anayesikia mwangwi siye anayeusababisha. Wao walisikia sauti zao zikirudi kwa sababu sauti ilitoka kwenye spika zenu, ikaingia tena kwenye maiki yenu, ikarudi London. Kompyuta moja peke yake huweza kuufuta mwangwi wa spika zake yenyewe. Nadhani mlikuwa na kompyuta mbili chumba kimoja, zote zimeingia kwenye mkutano. Hapo kila moja inasikia spika ya mwenzake na haiwezi kuifuta, kwa sababu haijui ilichotoa mwenzake. Mkiwa chumba kimoja, kifaa kimoja tu ndicho kiwe na maiki na spika. Vingine vyote vizimwe maiki na vishushwe sauti hadi sifuri; fanyeni yote mawili.

Kuhusu maiki zenyewe, hapa ndipo ningetumia sehemu ya laki sita yako, lakini si kubwa. Umbali ukizidi mara mbili, sauti yako inayofika kwenye maiki inapungua kwa desibeli 6, ilhali mlio wa chumba unabaki pale pale. Mtu aliyekaa mita moja na nusu kutoka kompyutani anasikika kama yuko bafuni kwa sababu hiyo tu. Eafoni za waya za simu, ambazo maiki yake iko chini kidogo ya kidevu, zinashinda maiki ya kompyuta yoyote iliyo mbali. Angalia pini yake: iwe na mistari mitatu ya plastiki, yaani vipande vinne vya chuma. Yenye mistari miwili ni ya kusikilizia tu, au ni ya kamera, na kompyuta haitasikia kitu. Kama kompyuta yako ina matundu mawili, moja la kusikilizia na moja la maiki, utahitaji kigawanyishi kidogo. Zile za Bluetooth ziepuke siku hiyo. Maiki yake ikifunguka, hubadili namna ya kusafirisha sauti na ubora unashuka pande zote mbili, tena chaji huisha pabaya.

Mko watatu, basi mna njia mbili. Ya kwanza ni kila mtu na chumba chake, kifaa chake na eafoni zake. Sauti itakuwa bora kabisa, lakini kupandisha kunazidi mara tatu, na kwenye 4G yenu ya usiku hiyo ni kamari. Ya pili ni meza moja, kompyuta moja, na spika-maiki ya USB ya mikutano katikati, ile bapa kama kisahani. Mimi ningechagua ya pili, na ningepunguza wasemaji: wawili wasemaji, wa tatu akae nje ya kamera na karatasi ya mahesabu, akimwandikia mwenzake majibu.

Chumba chenu, kama vyumba vingi vya pwani, bila shaka kina sakafu ya vigae na kuta tupu. Sauti inagonga na kurudi. Mkeka hausaidii, zulia nene, mapazia mazito au godoro lililosimamishwa nyuma ya kompyuta husaidia kweli. Pangaboi la darini lizimeni dakika chache kabla, hata kama mtatoka jasho, kwa sababu upepo wake unapuliza maiki na mvumo wake unaichosha programu inayofuta kelele. Na tazama saa za sala. Msikiti ukiwa karibu, mazungumzo yanayoanza saa kumi na mbili jioni yatakutana na adhana ya magharibi katikati ya slaidi zako.

Ile video ya mashine ya kukaushia ilirukaruka kwa sababu kuonyesha skrini kumetengenezwa kwa ajili ya maandishi. Programu inatuma picha kali lakini chache kwa sekunde, ili herufi zisomeke, na video inageuka mnato. Zoom ina kisanduku cha kuboresha video unapoonyesha skrini, pamoja na kingine cha kutoa sauti ya kompyuta. Lakini vikiwashwa herufi hufifia na matumizi ya intaneti huongezeka sana. Usiionyeshe video kupitia mkutano. Watumie kiungo siku moja kabla, na kwenye slaidi weka picha tatu zilizoganda: mwani mbichi ukiingia, trei ndani, mwani mkavu ukitoka. Slaidi ziwe za 16:9, herufi zisipungue ukubwa wa 24, na nakala ya PDF isiyozidi MB 10 iwe imeshafika kwao kabla. Mtandao ukifa kabisa wataendelea kuitazama PDF huku mkiongea kwa simu ya kawaida.

Na hapo ndipo inapoingia kebo ya baharini, ile inayotuletea intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja na Afrika Mashariki nzima ikasuasua kwa siku kadhaa. Siku ya namna hiyo hakuna ruta itakayokuokoa, ila namba ya simu ya mwekezaji uliyoiomba mapema itakuokoa. Umbali nao una kodi yake isiyokwepeka. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. London iko takriban kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi hakushuki milisekunde 75, na kebo hazinyooki. San Francisco ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Ndiyo maana mnaingiliana kuongea. Ukimaliza sentensi nyamaza kidogo zaidi ya ulivyozoea, na usiulize "mnanisikia?" kila slaidi.

Umeme. Ruta nyingi hutumia volti 12 na ampea 1, yaani wati 12 kwa juu kabisa. Kwa saa mbili ni watisaa 24, kwa hiyo kiyupiesi (betri ya akiba) kidogo cha ruta kinatosha; huhitaji jenereta. Soma kibandiko kwanza, kwani kuna ruta za volti 9 na ukizipa 12 unaziua. Siku mkihamia faiba kumbukeni kwamba kile kisanduku cheupe ukutani nacho kinakula umeme. Watu huwekea ruta betri, umeme unakatika, ruta inawaka taa zote vizuri kabisa na intaneti haipo, kwa sababu kisanduku kimezimika. Kompyuta iwe imejaa chaji na bado iko kwenye chaja, maana ikiwa kwenye betri nyingi hujipunguza nguvu.

Njia ya akiba iwe laini ya kampuni nyingine kwenye simu, na uhakikishe haishiriki udhaifu ule ule: minara mingi hukodishwa na kampuni zaidi ya moja, mnara ukizimika zinazimika zote. Ipime nayo kwa ping. Simu hiyo isiwe ile ambayo kila mtu ana namba yake. Kwenye laini ambayo bado haipigi simu kupitia 4G, simu ikiita inashuka hadi 3G au 2G, na intaneti ya kompyuta inakufa nayo. Iunganishe kwa waya wa USB badala ya hotspoti ya hewani. Inachaji papo hapo. Vizuri zaidi, simu ya pili iingie mkutanoni mapema kama mshiriki, maiki imezimwa na sauti sifuri. Kompyuta ikitoka mkutanoni unafungua maiki ya simu hiyo na kuendelea na sentensi.

Taa ya duara si mbaya, ila kwanza elewa kamera inavyofikiri. Inapima mwanga wa picha nzima na kuutafutia wastani. Ukuta mweupe nyuma yako, au dirisha, unaifanya ione mwanga umezidi, inapunguza, na uso mweusi unazama gizani. Watu wengi wanalaumu kamera kumbe kosa ni ukuta. Kaa ukilitazama dirisha, nyuma yako pawe na rangi ya wastani, vaa shati lisilo jeupe. Usiku weka taa mbili za kawaida za LED nyuma ya kompyuta, zielekee kwenye ukuta mweupe ulio mbele yako ili mwanga uwarudie ukiwa laini. Inua kompyuta kwa vitabu mpaka kamera ilingane na macho. Mandhari ya kubuni izime, inachosha prosesa na feni ya kompyuta inaanza kunguruma ndani ya maiki.

Jambo moja dogo linaloaibisha wengi: wawekezaji ndio hutuma kiungo, na huenda kikawa cha Teams wakati nyinyi mmezoea Zoom. Jaribuni programu hiyo hiyo siku mbili kabla. Kwenye Mac, mara ya kwanza kuonyesha skrini lazima utoe ruhusa kwenye mipangilio, kisha uifunge programu na kuifungua upya, yaani unatoka mkutanoni mbele ya watu. Na siku zote onyesha dirisha la slaidi tu, usionyeshe skrini nzima, vinginevyo ujumbe wa WhatsApp utapita mbele ya London yote.

Ukishahamisha ruta, ukafunga kebo, ukazima kila kitu, na ping bado inapoteza zaidi ya vipande viwili katika mia kwa siku tatu mfululizo, acha kuhangaika peke yako. Mpigie mtoa huduma umwombe fundi aje nyumbani, na umwonyeshe picha za vipimo vyako zenye tarehe na saa. Bila hizo atapima kasi saa nne asubuhi, ataona 25 na kuondoka. Ukisikia mvumo mzito kwenye maiki unaokoma unapochomoa chaja, mwite fundi umeme aangalie waya wa ardhi. Na kama wiki tatu hazitoshi kurekebisha hayo, tafuta chumba cha mikutano chenye faiba, hotelini au kwenye ofisi za kushirikiana, lakini uende na kompyuta yako siku moja kabla, saa ile ile, ukapige ping zako mia pale pale mezani utakapokaa.